Jipime Kabla ya Kulipa: Mtihani wa Kiingereza na Sisi wa Lamu

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wauguzi vijana, wahitimu wa vyuo na wazazi, yaliyofanyika Mkunguni, kisiwani Lamu. Yamefupishwa kidogo ili yaingie katika jarida hili.

Wazee wetu mlioketi mbele, walimu wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu mliotoka Faza, Kizingitini, Siyu, Mokowe, Hindi, Witu na Mpeketoni, asanteni kwa kufika. Najua wako walioamka na mashua ya alfajiri, na mashua ya kurudi haimsubiri mtu, basi nitaingia kwenye jambo lenyewe.

Kazi yangu ni kuandika. Taarifa ya kaunti ikitoka kwa Kiswahili, mara nyingi mkono ni wangu, na ikitoka kwa Kiingereza pia. Nilisomea uandishi wa habari. Si mwalimu wa lugha na si muuguzi. Lakini ofisi ya habari ni kama baraza, kila mtu hupita na swali lake, na miaka hii ya karibuni swali linalorudi ni moja: huu mtihani wa Kiingereza wa kwenda kufanya kazi Uingereza, mtu huupita vipi? Nimesoma masharti yao, nimeketi na waliofaulu na waliofeli, na leo nawaletea niliyoyaokota.

Tuanze na mwaka 2021. Tarehe 29 Julai mwaka huo, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wafanyakazi wa afya, na waliolengwa hasa ni wauguzi waliohitimu na kukosa ajira hapa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza jambo lililowashtua wengi: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Kumi tu. Kundi la kwanza lililopanda ndege mwaka uliofuata halikufika watu 20.

Mnakumbuka kejeli zilizofuata mitandaoni. Watu waliuliza hawa walipitaje chuo. Lakini hebu tufikirini. Hawa walisoma masomo yao kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. KCSE waliifanya kwa Kiingereza. Mitihani ya chuo na ya leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya ni ya Kiingereza, na faili za wagonjwa wao wanaziandika kwa Kiingereza kila zamu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia hajui lugha. Sikuwemo katika chumba chao cha mtihani, lakini nikiwapima kwa wale ninaowafahamu mimi walioanguka, naona kitu kimoja: wengi waliingia kwenye mtihani ambao hawajawahi kuuona hata mara moja ukiwa mzima, kwa saa yake na kwa masharti yake. Walijiandaa kwa kupitia sarufi, au hawakujiandaa kabisa kwa kuwa Kiingereza wanakijua.

Basi tuutazame mtihani wenyewe.

Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, linalojulikana kwa herufi NMC, linakubali mitihani miwili. Wa kwanza ni IELTS, ulioanza mwaka 1989 na ndio maarufu zaidi. Wa pili ni OET, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa afya peke yao. IELTS una aina zake, na inayokubaliwa na NMC ni ile inayoitwa Academic. Lipo jingine liitwalo General Training. Ukijisajili hilo kwa kazi ya uuguzi, utakuwa umelipa bure. Wewe unayetaka kwenda kusoma chuo kikuu au kuhamia nchi nyingine kama Kanada, masharti yako ni mengine. Kabla ya yote, fungua ukurasa wa chuo au wa baraza unaloliomba, usome wao wenyewe wanataka mtihani gani na alama gani. Usimsikilize binamu yako. Usinisikilize hata mimi.

IELTS una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama huanzia 0 hadi 9, kwa nusu nusu. NMC wanataka 7 katika kusikiliza, 7 katika kusoma, 7 katika kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Angalieni vizuri hapo: hawataki wastani. Ukipata 8.5 ya kuzungumza na 6 ya kuandika, ile 8.5 haikuokoi. Ipo nafuu moja iliyoongezwa mwaka 2023: unaweza kuunganisha matokeo ya mitihani miwili uliyoifanya ndani ya miezi 12, ili mradi hakuna mara uliyoshuka chini ya 6.5, au chini ya 6 kwa kuandika. Na matokeo yenyewe hudumu miaka miwili, yakipita hapo unaanza upya.

Sasa ndugu zangu, kuna jambo moja ambalo ningependa litoke nanyi hapa hata mkisahau mengine yote. Usilipe mpaka ujipime. Kijana wa Nairobi akianguka, hupanda matatu akarudi nyumbani, akajipanga tena. Sisi Lamu hatuna kituo cha mtihani. Unakwenda Mombasa au Nairobi. Ada yenyewe ni makumi ya maelfu ya shilingi, na hubadilika, kwa hiyo itazame kwenye tovuti yao siku unayojisajili. Juu yake weka mashua, weka basi, weka malazi ya siku mbili tatu. Hiyo ni pesa ambayo katika nyumba nyingi za hapa imetoka kwenye mnada wa mbuzi, au kwenye dhahabu ya mama, au kwa mjomba aliyeuza nyavu. Na mtu akirudi bila alama, nyumba nzima inajua. Nimewaona vijana wenye akili nzuri waliokata tamaa baada ya jaribio moja, kwa aibu tu.

Na kujipima si jambo gumu. Mitihani ya majaribio iko bure kwenye tovuti za IELTS na za British Council, na vitabu vya mitihani iliyopita vinavyotolewa na Cambridge vinazunguka. Uliza maktaba, uliza mwalimu wako wa zamani. Katika kusikiliza na kusoma, maswali ni 40 kwa 40. Takriban majibu 30 sahihi ndiyo alama 7, na 23 ni kama 6. Kwa hiyo unaweza kujisahihisha mwenyewe ukiwa Kiwayu. Kaa chini asubuhi moja, zima simu, weka saa, fanya mtihani mzima bila kusimama. Baada ya wiki mbili fanya mwingine, tofauti. Ukipata 33 au 34 mara zote mbili, nenda kajisajili. Ukipata 30 juu ya alama, ngoja kwanza, kwa sababu chumba cha mtihani kitakupunguzia mbili tatu. Ukipata 22, umeokoa pesa za nyumba nzima.

Tuingie ndani ya sehemu zenyewe, na nitakaa zaidi pale ambapo sisi watu wa pwani tunakwama.

Kusikiliza ni kama nusu saa. Rekodi inachezwa mara moja tu. Haina kurudi. Wasemaji ni wa lafudhi mbalimbali: Waingereza, Waaustralia, Wamarekani. Sehemu ya kwanza ni rahisi, watu wawili wanazungumza mambo ya kawaida, mmoja anataka kukodi nyumba, mwingine anamwandikia jina na namba. Na hapo hapo kwenye urahisi ndipo tunapoangushwa. Kwa nini? Kwa sababu ya herufi. Mzungu akitaja herufi E, sikio letu linasikia I. Akitaja I, tunasikia "ai". Akitaja A, tunasikia "ei", na mkono unaandika E. Jina la mtaa linatajwa herufi kwa herufi, wewe umeandika jina jingine kabisa, na alama imekwenda. Dawa yake ni mchezo wa watoto: kaeni wawili, mmoja ataje majina ya watu wa mtaani kwa herufi za Kiingereza haraka haraka, mwingine aandike. Dakika kumi kila siku. Baada ya mwezi utashangaa.

Halafu namba. Kiswahili chetu mkazo unakaa mahali pamoja, silabi ya pili kutoka mwisho, hauhami. Kiingereza kinahamisha mkazo, na mara nyingine mkazo ndio unaotenganisha maana. "Thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty", kwa Mwingereza tofauti iko kwenye mahali anapokaza sauti. Muuguzi akikosea hapo wodini, ni dozi ya dawa. Kwa hiyo msione kama ni ukorofi wa watahini. Na irabu nazo: sisi tuna tano, wao wana zaidi ya mara mbili ya hizo. "Ship" na "sheep" kwetu ni neno moja, ingawa moja linaelea na jingine linakula majani.

Lakini tusijidharau. Ile "th" inayowatesa wengi duniani, sisi tunayo. Tunasema thelathini, tunasema dhahabu. Mtoto aliyepita madrasa ana thaa na dhaal ulimini kabla hajalijua neno moja la Kiingereza. Hilo ni la kwenu, litumieni.

Jambo jingine dogo la kusikiliza. Utaambiwa jibu lisizidi maneno mawili. Ukiandika matatu, hata kama ni sahihi, huna kitu. Tahajia nayo inahesabiwa.

Kusoma ni dakika 60, matini tatu ndefu, maswali 40. Tatizo ni saa. Mtu wetu husoma kama anavyosoma kitabu cha dini au barua ya mahakama, neno kwa neno, kwa heshima. Akifika matini ya pili, dakika 45 zimekwisha. Huku lazima uanze na maswali, ujue unatafuta nini, ndipo uingie kwenye matini kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya wapiga kura.

Na kuna aina moja ya swali inayowaangusha hata walimu. Unapewa sentensi, uamue: ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Hii ya tatu ndiyo yenye balaa. Chukueni mfano. Tuseme matini inasema: "Mashua za abiria huondoka Mokowe kuja Lamu tangu asubuhi hadi jioni." Swali la kwanza: mashua huondoka asubuhi peke yake. Si kweli, kwa sababu matini inapinga. Swali la pili: nauli ya jioni ni kubwa kuliko ya asubuhi. Hapo mtu wa Lamu, kwa kuwa amewahi kutozwa zaidi jioni, anaandika kweli! Lakini matini haikusema neno juu ya nauli. Jibu ni haikutajwa. Mtihani hauulizi unachojua wewe, unauliza kilichoandikwa pale. Kwa watu wenye ujuzi mwingi hili ni gumu zaidi, maana muuguzi akikutana na matini ya malaria hujibu kutoka kichwani kwake.

Kuandika. Hapa ndipo wengi wanapoachwa, na ndipo nina maneno zaidi kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Muda ni saa moja, kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza mchoro, jedwali au ramani kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na hii ya pili ina uzito mara mbili. Kwa hiyo dakika 20 kwa ya kwanza na 40 kwa ya pili, usibadilishe.

Sisi tumelelewa kwamba maneno yana adabu yake. Barua huanza kwa salamu, kisha hali ya afya, kisha "ama baada ya salamu", ndipo haja itajwe, na haja yenyewe itajwe kwa kuzungukazunguka ili usionekane huna haya. Ni uungwana, na mimi sitaki uondoke Lamu. Lakini mtahini wa Kiingereza anasoma hivyo hivyo anaona kijana hajui anachotaka kusema. Wakiuliza, kwa mfano, kama utalii una faida au madhara kwa miji ya kale, najua mtu wetu ataanzaje. Ataanza na Waarabu na Wareno, ataingia Pate, atataja kwamba mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, atasifu milango iliyochongwa, na maneno 120 yamekwisha bado hatujui yeye anaunga mkono au anapinga. Anza na jibu. Sentensi ya pili au ya tatu, sema: mimi naona faida ni kubwa kuliko madhara, kwa sababu mbili. Kisha aya kwa sababu ya kwanza, na mfano wake. Aya kwa ya pili. Punda, vumbi la ujenzi, bei ya nyumba Shela, yote ni mifano mizuri. Mfano wa nyumbani unaoufahamu una nguvu kuliko mfano wa New York ulioukariri.

Na msikariri insha. Ziko zinazouzwa, kurasa mbili, "fungulia hivi, fungia hivi". Watahini wamefunzwa kuzitambua. Andika insha mbili kwa wiki kwa mkono wako mwenyewe, na mtafute mtu wa kukusahihisha ambaye hatakuonea haya. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari anafaa. Rafiki anayekuambia "iko sawa" hafai.

Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini uso kwa uso. Kwanza maswali mepesi ya kwenu na kazi yako. Kisha unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujipanga, uzungumze peke yako hadi dakika mbili. Mwisho mnajadiliana mambo mapana zaidi. Dada zangu, hasa nyinyi, nisikilizeni. Tumefunzwa kwamba mbele ya mkubwa au mgeni unajibu kwa ufupi na unanyamaza. "Unaipenda kazi yako?" "Ndiyo." Basi. Mtahini huyo hana njia ya kukupa alama kwa neno moja, hata uwe na Kiingereza cha bungeni. Kwake yeye ukimya si heshima. Mpe sababu, mpe kisa, mpe mfano. Na ukikosa neno la kitu cha kwetu, usisimame. Baraza halina jina lake kwa Kiingereza, sema ni kiti cha mawe nje ya nyumba ambapo wanaume hukaa jioni kuzungumza. Kueleza kitu usichokuwa na jina lake ni ustadi, na unaongezewa alama.

Zoezi la kadi mnaweza kulifanya ndani ya mashua. Kutoka Mtangawanda mpaka hapa muda upo. Chagueni mada, mmoja ashike saa ya simu, mwingine azungumze dakika mbili bila kukatika. Abiria watawacheka siku mbili za kwanza.

Nimesema upo OET. Kwa muuguzi aliye kazini, mimi ningeutazama sana, ingawa ada yake ni kubwa kuliko ya IELTS. NMC wanataka gredi B katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+ katika kuandika. Lugha yake ni ya hospitali. Katika kuzungumza unafanya maigizo mawili ya dakika kama tano tano: wewe ni muuguzi, mtahini ni mgonjwa au jamaa ya mgonjwa. Katika kuandika unapewa maelezo ya mgonjwa, dakika tano za kusoma na 40 za kuandika barua, mara nyingi ya rufaa au ya kumruhusu kwenda nyumbani.

Sasa barua ya rufaa nani asiyeijua hapa? Muuguzi wa Faza anampakia mama mjamzito kwenye mashua usiku aende King Fahd, na wa King Fahd humwandikia mgonjwa barua ya kwenda Coast General, Mombasa. Yule daktari anayepokea anataka nini kwanza? Anataka kujua kwa nini ameletwa, ana hatari gani sasa hivi, na amepewa dawa gani njiani. Habari kwamba alivunjika mkono akiwa mtoto haimsaidii usiku huo. OET wanapima hilo hilo. Katika yale maelezo wameweka makusudi mambo yasiyohitajika, waone kama utayaacha. Waliofeli barua hii ninaowafahamu waliandika kila kitu. Kwa hiyo mkiwa zamu wiki hii, kila barua ya rufaa mnayoiandika, iandikeni kana kwamba mtahini ataisoma. Mtajiandaa kwa mtihani na mgonjwa wenu naye atafaidika.

Niseme machache ya karatasi na safari, maana mtu anaweza kuwa na Kiingereza cha kutosha akazuiliwa mlangoni.

Majina. Hapa kwetu mtu ni Athman kwenye cheti cha kuzaliwa, Othman kwenye KCSE, na Uthman kwenye pasipoti. Mohamed ana m moja hapa na mbili kule. Bin imeandikwa kwenye kitambulisho na haimo kwenye leseni. Kwa mambo ya uhamiaji jina la pasipoti ndilo litakalolinganishwa na cheti cha mtihani, cheti cha chuo na leseni. Toeni karatasi zenu zote leo usiku mziweke sakafuni, mzisome moja baada ya nyingine. Kama hazifanani, anzeni kurekebisha sasa, kwa kiapo au kwa kubadilisha, kabla ya kujisajili. Hili linachukua muda kuliko Kiingereza.

Safari. Msafirini siku mbili kabla. Mnajua wenyewe: maji yakikupwa Mkanda, mashua ya Faza inangoja, kusi ikichafuka, haitoki. Na barabara ya Garsen imewahi kuwa na siku zake za misafara ya ulinzi na vizuizi. Kituo cha mtihani hakijui kupwa na kujaa, ukichelewa mlango umefungwa na ada haikungoji.

Sasa madalali. Najua mmoja wenu ameshapigiwa simu: "Nipe pesa, nitakupatia alama 7 bila kukaa mtihani." Wanaopokea cheti hicho wanakihakiki moja kwa moja kwenye mfumo wa mtihani. Cheti cha kununua hakimo humo. Na hata hila ikipita leo, hufuatiliwa. Mwaka 2023 NMC waligundua matokeo yasiyo ya kawaida katika kituo kimoja Ibadan, Nigeria. Ulikuwa mtihani wa ujuzi wa uuguzi wa kompyuta, si wa lugha, lakini funzo ni lile lile. Walioguswa ni mamia, wakiwemo waliokuwa wamekwisha kusajiliwa na kuanza kazi Uingereza, wakatakiwa kurudia. Fikiria umehamisha watoto, ndipo uitwe.

Wakala wa ajira naye ahakikishwe. Kampuni zenye leseni ziko kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, na orodha hiyo iko wazi kwa mtu yeyote. Isitoshe, tangu Novemba 2021 kanuni za Uingereza zinazuia mawakala kuja kuwinda wauguzi Kenya nje ya makubaliano ya serikali kwa serikali. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kumwomba mwajiri kazi moja kwa moja. Akija mtu hotelini na fomu na kuomba pesa ya "kushikilia nafasi", pigeni simu ofisini kwetu kabla hamjatoa.

Kabla sijamaliza, mzee mmoja ameniuliza nilipokuwa naingia: serikali ya kaunti inawafunza wauguzi wake waondoke? Ni swali la haki na sitalikimbia. Zahanati zetu za visiwani zinahitaji watu, na kila anayeondoka akiwa na uzoefu anaacha pengo ambalo mama wa Kizingitini ndiye atakayelihisi. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba wako wauguzi hapa wenye leseni mfukoni, miaka inapita, wanauza duka la kaka. Mimi siwezi kumwambia kijana huyo akae anisubiri. Ninachoweza ni kuhakikisha akiondoka, anaondoka kwa mlango wa mbele, kwa alama zake mwenyewe, bila deni la dalali. Na Kiingereza alichokinoa, kama ataamua kubaki, barua za rufaa atakazoziandika zitakuwa bora kuliko alizokuwa akiziandika.

Mmoja ameuliza muda. Kwa mtu anayepata 25 leo katika jaribio lake la kwanza, mimi ningempa miezi minne hadi sita ya saa moja na nusu kila siku. Anayepata 30 tayari, wiki nane. Anayefanya zamu za usiku aongeze. Wa Kiwayu na Ndau ambao mtandao ni wa kubahatisha, njooni na simu zenu na kadi ya kumbukumbu mjini, mpakue rekodi za kusikiliza za mwezi mzima kwa siku moja, mkazisikilize nyumbani. Mara moja tu kila rekodi, jamani. Ukiirudia kabla ya kujibu umejidanganya.

Pale mezani kuna karatasi. Andika jina, mahali unapokaa, mtihani unaoutaka na siku unazoweza kukutana na wenzako. Sisi tutawapanga kwa maeneo, watu wanne au watano kila kundi, ili mzungumze na msahihishane. Wa Siyu na Pate wanaweza kuwa kundi moja, wa Hindi na Mokowe jingine. Walimu wa Kiingereza mliokuja, tafadhali andikeni na nyinyi, upande wa nyuma wa karatasi. Kalamu ziko tatu, kwa hiyo anzeni na wale wanaowahi mashua.